Uta wa Tsavo na Suala la Umbali

Kila mpiga uta, awe mwindaji wa nyikani au mshindani wa uwanjani, hukabiliwa na suala moja lisilokwepeka: mshale huanza kuanguka mara tu unapoachana na upote, yaani kamba ya uta, na kadiri unavyokwenda mbali ndivyo unavyozidi kushuka chini ya mstari wa jicho la aliyeulenga. Kwa sababu hiyo, historia ya uta popote ulipotumika ni, kwa sehemu kubwa, historia ya namna watu walivyokabiliana na umbali. Huko Marekani na Ulaya, katika karne ya 20, jibu liliwekwa ndani ya chombo chenyewe, kwa kubuniwa kifaa cha kulengea kinachofungwa juu ya mpini wa uta na kurekebishwa kulingana na mita zilizopo kati ya mpigaji na shabaha. Katika nyika ya Tsavo, inayouzunguka mji wa Voi, ambao leo umo katika Kaunti ya Taita Taveta, jibu lilikuwa limekwisha kuwekwa mahali pengine zamani: katika miguu ya mwindaji, katika nguvu za mikono yake na katika sumu ya mshale wake. Makala haya yanafuatilia jibu hilo la pili, na yanaeleza kwa nini kifaa cha kulengea, ambacho kwa wapiga uta wa mataifa mengine ni jambo la kuchagua na kulipia dukani, hakikuwa na kazi katika mikono ya wawindaji wa Tsavo.

Hesabu kidogo husaidia kulifahamu jambo lenyewe. Ukiuweka kando ukinzani wa hewa, mshale unaotoka kwa mwendo wa mita 60 kwa sekunde hufika mita 10 kwa muda wa sehemu moja ya sita ya sekunde, na hadi hapo huwa umeshuka sentimita 14 hivi. Ukipigwa kwa umbali wa mita 30 huchukua nusu sekunde na kushuka zaidi ya mita moja. Ukipigwa kwa umbali wa mita 70 hushuka zaidi ya mita sita na nusu. Linalomsumbua mpigaji, hata hivyo, si kushuka kwenyewe bali ni kukosea kukadiria. Aliyedhani kwamba mnyama yuko mita 30, kumbe yuko mita 35, mshale wake utapita sentimita 24 hivi chini ya pale alipokusudia, na kwa swala huko ni kukosa kabisa, au ni kumvunja mguu, jambo ambalo ni baya zaidi. Aliyedhani kwamba mnyama yuko mita 10, kumbe yuko mita 12, hukosea kwa sentimita tatu tu, na ikiwa mnyama mwenyewe ni tembo ambaye ubavu wake ni mpana kama ukuta, sentimita tatu si kitu.

Kifaa cha kulengea kinachorekebishika kilizaliwa kutokana na kosa la aina ile ya kwanza. Kwa umbo lake la kawaida ni fremu ndogo ya madini yenye kijiti kimoja au vijiti kadhaa ambavyo ncha zake hupakwa rangi ing'aayo, na mpigaji huvuta upote, huweka ncha ya kijiti juu ya shabaha, kisha huachia. Wanaotumia vijiti kadhaa huvipanga kwa kuteremka, cha juu kwa mita 20, kinachofuata kwa mita 30, cha tatu kwa mita 40, na kadhalika, ili mnyama akisogea wasilazimike kugusa chochote. Wanaotumia kijiti kimoja hukipandisha na kukishusha kwa gurudumu lenye namba, na hupata picha safi zaidi ya shabaha kwa gharama ya kusimama kwanza na kurekebisha. Kanuni ya kukirekebisha huwachanganya wanaoanza kwa sababu inaonekana kwenda kinyume: mishale ikipiga chini, kijiti hushushwa, kwani kijiti kikishuka mkono ulioshika uta hulazimika kupanda ili ncha irudi juu ya shabaha. Vingine vina pima maji ndogo, kama ile ya mwashi, ya kumwonya mpigaji asiuinamishe uta upande mmoja. Masharti mawili, hata hivyo, hayana budi kutimia kabla kifaa hicho hakijawa na manufaa, nayo ni kwamba umbali uwe unajulikana, na kwamba mpigaji aweze kuushikilia uta ukiwa umevutwa kwa muda wa kutosha kulenga. Katika nyika ya Tsavo hakuna hata sharti moja kati ya hayo lililotimia.

Nyika hiyo ni tambarare kame yenye vichaka vya miiba na udongo mwekundu, inayoanza nyuma ya ukanda wa pwani na kupanda polepole kuelekea magharibi, na katikati yake husimama milima ya Wataita iliyogawanyika katika mafungu matatu: Dawida, ambao ndio mkubwa, Sagalla, ulio karibu kabisa na Voi, na Kasigau, uliojitenga kusini-mashariki. Wataita walilima vilimani, ambako mvua na ukungu havikosi, na tambarare ya chini ilikuwa kwao mahali pa kuchungia, kuwindia na kupitia. Mmisionari Johannes Rebmann alifika Kasigau mwaka 1847, akapita tena katika nchi ya Wataita mwaka uliofuata alipoiona Kilimanjaro, na njia aliyoifuata ilikuwa imekwisha kukanyagwa na misafara ya biashara muda mrefu kabla yake. Uchunguzi wa akiolojia ulioongozwa na Chapurukha Kusimba katika eneo la Tsavo na Kasigau umeonyesha kwamba wakulima, wafugaji, wafua chuma na wawindaji waliishi hapo wakitegemeana kwa karne nyingi, na hivyo picha ya wawindaji waliojificha porini bila kuhusiana na mtu haipatani na ushahidi.

Wawindaji mashuhuri kupita wote walikuwa Wawata, ambao katika maandishi ya wakoloni huitwa pia Waliangulu au Wasanye. Walikuwa watu wachache waliosambaa kati ya mto Tana na nyika ya Voi, hasa kandokando ya mto Galana, ambao karibu na pwani huitwa Sabaki. Walizungumza lugha ya jamii ya Kioromo, na waliishi katika vijiji vidogo vilivyopakana na Wagiriama upande wa mashariki, Wakamba upande wa kaskazini-magharibi na Wataita upande wa milimani. Wakamba na Wataita nao walikuwa wapiga uta hodari, na hakuna sababu ya kudhani kwamba Wawata peke yao ndio waliojua kazi hiyo. Tofauti ni kwamba kwa jirani zao uwindaji ulikuwa nyongeza ya shamba na mifugo, ilhali kwa Mwata ndio uliokuwa maisha, na tembo, ambaye wengi walimwogopa, ndiye aliyempa mwanamume heshima yake.

Uta wa Mwata wa kuulia tembo ulikuwa fimbo ya mti mmoja, ndefu kama mwenye nayo au kumzidi. Waliozipima nyuta hizo katika miaka ya 1950 na 1960 walishangazwa na uzito wake, yaani nguvu inayohitajika kuzivuta hadi mwisho, kwa kuwa nyingi zilizidi kilo 45. Ili kuupa uzito huo maana, wapiga uta wa mashindano ya Olimpiki siku hizi hutumia nyuta za kilo 18 hadi 23 hivi, na nyuta zinazolingana na zile za Tsavo katika kumbukumbu za Ulaya ni zile za kivita za Waingereza, ambazo mfano wake ulitolewa baharini pamoja na mabaki ya meli Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuopolewa mwaka 1982. Uta wa namna hiyo hauvutwi kisha ukashikiliwa huku jicho likitafuta mahali pa kutua. Mgongo, mabega na mikono hufanya kazi kwa pamoja, upote hufika mwisho wake, na mshale huondoka katika tendo lile lile moja. Aliyejaribu kuushikilia angetetemeka kabla hajahesabu hadi tatu. Kulenga, kwa hiyo, kulikwisha kufanyika kabla ya kuvuta, kwa jinsi miguu ilivyosimamishwa na kwa jinsi macho yalivyolikazia doa moja la ngozi.

Mshale wenyewe ulistahili uangalifu kuliko uta. Uti wake ulikuwa mrefu na mnyofu, mwisho wake umefungwa manyoya ya ndege wakubwa, hasa tumbusi, na mbele yake mlichomekwa kijiti chenye chembe cha chuma, yaani ncha ya kuchomea, ambacho ndicho kilichobeba sumu. Kijiti hicho hakikugandishwa katika uti, bali kilichomekwa tu, ili mshale ukipiga kibaki mwilini na uti uanguke kando. Mwenye mshale aliuwekea alama yake, na alama hiyo ilikuwa na maana ya kisheria miongoni mwao, kwa kuwa ndiyo iliyoonyesha tembo aliyekutwa amekufa alikuwa wa nani. Wenye kuyachunguza mambo haya kwa juujuu huuita uwindaji huo wa kubahatisha. Ukweli ni kwamba ulikuwa na kanuni za umiliki zilizo wazi.

Sumu hiyo ilitokana na msunguti, mti mdogo wenye majani magumu ya kijani kibichi na maua meupe yanayonukia, ambao wanabotania huuweka katika jenasi ya Acokanthera. Vipande vya mti na mizizi vilichemshwa kwa saa nyingi, maji yakachujwa na kuchemshwa tena, hadi pakabaki uji mweusi mzito kama lami, ambao ulipakwa kwenye kijiti nyuma ya chembe na kufungwa kwa ukanda wa ngozi laini ili usikauke wala usiguswe na jua. Ukanda huo uliondolewa pale tu mnyama alipokuwa amekaribiwa. Si kila mtu aliyejua kuupika vizuri: Wagiriama walikuwa na mafundi waliosifika, na sumu yao ilikuwa bidhaa iliyouzwa kwa wawindaji wa makabila mengine, ikasafiri mbali na pale ilipopikwa. Kuhusu namna ya kuijaribu, husimuliwa kwamba mwindaji alijichanja, akaiacha damu itiririke mkononi, kisha akaigusisha sumu kwenye mwisho wa mchirizi, mbali na jeraha. Damu ikibadilika rangi na badiliko hilo likapanda kwa haraka kuelekea juu, sumu ni kali, na mwenyewe huifuta upesi kabla haijafika kwenye mchanjo.

Kemia imeeleza baadaye kilichokuwa kikitendeka. Mwaka 1888 mwanakemia Mfaransa Arnaud aliitenga kutoka mti wa jenasi hiyo dutu iliyopewa jina la uabaini, ambayo ni ya kundi la glikosidi za moyo, yaani kemikali zinazoingilia mapigo ya moyo kwa kuvuruga kupita kwa chumvichumvi kati ya ndani na nje ya chembe hai za misuli. Kwa kipimo kidogo kabisa uabaini imetumika hospitalini kama dawa; kwa kipimo cha mshale wa tembo moyo hukakamaa na kusimama. Inapomezwa haifyonzwi kwa urahisi na tumbo, na ndiyo maana nyama ya mnyama aliyeuawa kwa sumu iliweza kuliwa baada ya kukata na kutupa sehemu iliyozunguka jeraha.

Sumu ya namna hiyo hubadilisha maana ya shabaha. Mpiga uta asiye na sumu hana budi kupiga moyo au mapafu, sehemu ambayo kwa tembo imefunikwa na mbavu pana na ngozi nene, ilhali mwenye sumu mbichi hahitaji zaidi ya kufikisha chembe chake mahali penye damu ya kutosha. Wawata walipenda kupiga tumbo, nyuma ya mbavu, ambako ngozi si ngumu sana na hakuna mfupa wa kuuzuia mshale, na walipendelea kusimama ubavuni na nyuma kidogo, mahali ambapo jicho la tembo halifiki kwa wepesi. Uzito wa uta ulikuwa na kazi hapo: si kuupeleka mshale mbali, bali kuuzamisha ndani. Sumu ikiwa kali, tembo aliweza kuanguka kabla hajakimbia mbali. Ikiwa imechakaa, alitembea siku nzima na pengine akapona na kidonda chake.

Ustadi uliosalia ulikuwa wa kukaribia. Mwindaji alizifuata nyayo tangu majini alfajiri, akasoma kinyesi kwa kukigusa ili ajue joto lake, akatikisa kifuko cha majivu ili aone upepo unaelekea wapi, na alipowaona wanyama akawazunguka hadi upepo ulipotoka kwao kuja kwake. Mita 20 zilihesabiwa kuwa mbali; wenye sifa walisogea hadi hatua 10 au pungufu, mahali ambapo mlio wa tumbo la tembo husikika. Kwa kuwa tembo haoni vizuri lakini ananusa na kusikia kuliko wanyama wengi, hatua hizo 10 zilikuwa salama kwa mwenye kuujua upepo na hatari kabisa kwa asiyeujua. Ukiitazama tena ile hesabu ya kushuka kwa mshale, utaona kwamba mwindaji aliyetembea mita 20 zaidi alikuwa amelimaliza suala la umbali kabla hajautoa mshale katika podo. Hii ndiyo sababu ya kusema kwamba Wawata hawakukosa kifaa cha kulengea kwa uduni wa ufundi. Watu waliofua vyembe, waliojua kunyoosha uti kwa moto na kuyapanga manyoya yaupe mshale mzunguko, wangeweza kufunga kijiti juu ya uta kama kingekuwa na faida.

Faida iliyokuwapo ilikuwa ya pembe. Katika karne ya 19 Zanzibar na Mombasa zilisafirisha pembe za ndovu kwenda Bara Hindi, Uingereza na Marekani, ambako zilikatwa kuwa bangili, vishikizo vya visu, mipira ya biliadi na vibao vya kinanda, na sehemu ya shehena hiyo ilianza safari yake katika nyika hii, ikipitia mikononi mwa wafanyabiashara wa Kikamba na Kigiriama. Reli ya Uganda ilipolikata eneo hilo kati ya 1897 na 1899 na kuifanya Voi kuwa stesheni, serikali ya Mwingereza ilikuja pamoja na sheria za wanyamapori zilizotaka leseni, na leseni iliandikwa kwa ajili ya mwenye bunduki na fedha. Kuanzia hapo tendo lile lile liliitwa kwa majina mawili, uwindaji au ujangili, kutegemea nani amelitenda na kwa silaha gani.

Upambanuzi huo unaonekana wazi zaidi pale wageni walipokuja na nyuta zao. Mwaka 1925 Wamarekani Saxton Pope na Arthur Young, ambao hutajwa kama waasisi wa uwindaji wa kisasa kwa uta katika nchi yao, walikwenda Tanganyika pamoja na mwandishi Stewart Edward White kuwapiga simba kwa mishale, bunduki ya White ikiwa tayari nyuma yao. Safari hiyo iliandikiwa kitabu na ikasifiwa kama ushujaa. Howard Hill, ambaye naye alikataa vifaa vya kulengea maisha yake yote na kutegemea jicho na uta mrefu, alitoa mwaka 1952 filamu iliyoitwa Tembo iliyomwonyesha akiwinda Afrika. Wakati filamu hiyo ikioneshwa, mwanamume wa Kiwata aliyekutwa na mshale wa sumu mpakani mwa Tsavo alipelekwa gerezani.

Hifadhi ya Taifa ya Tsavo ilitangazwa tarehe 1 Aprili 1948, ikiwa na ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 20,000, na baadaye ikagawanywa kuwa ya Mashariki, yenye makao yake Voi, na ya Magharibi. Takriban asilimia 62 ya Taita Taveta ya leo imo ndani ya hifadhi hizo mbili. Ardhi iliyochaguliwa ilionekana tupu kwa sababu haikulimwa, na Wawata, ambao hawakuwa na eneo lililotengwa na serikali kwa jina lao kama ilivyokuwa kwa makabila makubwa, waliamka na kujikuta wakiingia kwa jinai katika visima walivyovinywea baba zao. David Sheldrick, mkuu wa Tsavo Mashariki, na msaidizi wake Bill Woodley walitambua katika miaka ya mwanzo ya 1950 kwamba tembo waliouawa kwa mishale walikuwa wengi kuliko ilivyodhaniwa, na kwamba nyuma ya kila mwindaji alikuwapo mnunuzi wa pembe.

Operesheni kubwa iliyoanza mwishoni mwa 1956 na kuendelea mwaka 1957 haikufanana na doria za kawaida. Woodley alikuwa ametumikia jeshi wakati wa vita dhidi ya Mau Mau, na mbinu za vita hivyo, yaani kuwakamata watu wachache, kuwahoji, kuwageuza kuwa waongozaji na kuvamia nyumba usiku, zilihamishiwa kwa wawindaji wa tembo. Alama iliyomhakikishia mwindaji haki yake ya tembo mbele ya wenzake sasa iliweza kuwa ushahidi dhidi yake mbele ya hakimu. Katika muda usiotimia miaka miwili wengi wa wawindaji wakubwa wa Kiwata walikuwa wamefungwa, na ufundi wa uta mzito, unaohitaji kijana aanze kuuzoea kabla mifupa haijakomaa, ukapoteza wanafunzi wake. Maafisa wenyewe hawakuificha heshima waliyokuwa nayo kwa watu waliowakamata, lakini heshima hiyo haikupunguza kifungo cha mtu.

Jaribio la kurekebisha lilifuata. Mwaka 1960 ulianzishwa Mpango wa Galana wa usimamizi wa wanyamapori, mashariki mwa hifadhi, ukisimamiwa na Ian Parker, kwa wazo kwamba Wawata wapewe kazi halali ya kuvuna tembo wachache kila mwaka na kuuza nyama na pembe. Wazo lilikuwa jema kuliko utekelezaji wake. Tembo walipigwa kwa bunduki na waajiriwa wa mpango, Wawata wakabaki wasoma nyayo na wachuna ngozi, nafasi zilikuwa chache, na kabla muongo huo haujaisha mpango ulikoma na ardhi ikageuzwa kuwa ranchi ya ng'ombe. Pengine ndiyo mara pekee ambapo uta wa Tsavo ungeweza kupata nafasi ndani ya sheria, na haukupewa.

Yaliyofuata yalidhihirisha kwamba mshale haukuwa adui mkubwa wa tembo. Ukame wa 1970 na 1971 uliua tembo wasiopungua 6,000 katika Tsavo, wengi wao majike na watoto, kisha wakaja majangili wenye bunduki za kivita ambao hawakuhitaji upepo wala nyayo, na kufikia sensa ya 1988 walikuwa wamesalia takriban 6,000 katika eneo zima. Kati ya matukio hayo mawili, Mei 1977, serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote wa burudani, na marufuku hiyo haijaondolewa. Mkenya anayechagua leo kifaa cha kulengea kwa ajili ya kuwinda anachagua chombo ambacho nchini mwake hakina matumizi halali. Wenye kutaka hivyo huenda Afrika Kusini au Namibia, ambako uwindaji kwa uta unaruhusiwa.

Chombo kilichokipa kifaa hicho umaarufu nacho ni cha miaka ile ile. Mwaka 1966 Holless Wilbur Allen wa Missouri, Marekani, aliomba hataza ya uta wenye magurudumu kwenye ncha zake, akaipata mwaka 1969. Magurudumu hayo huufanya uta uwe mzito katikati ya mvuto na kuwa mwepesi mwishoni, hata mpigaji akabaki ameshikilia sehemu ndogo tu ya uzito wake huku akilenga kwa utulivu. Sharti la pili kati ya yale mawili likawa limetimizwa kwa ufundi wa mashine, na baadaye vipima umbali vya leza vikatimiza la kwanza. Katika Olimpiki, ambako mchezo wa uta ulirudishwa mwaka 1972 mjini Munich, umbali ni mita 70 daima, duara la pointi 10 lina upana wa sentimita 12.2, na nyuta za magurudumu haziruhusiwi katika mashindano ya mtu mmoja mmoja. Kifaa cha kulengea chaweza kutumika, lakini bila pima maji wala lenzi ya kukuza. Shehzana Anwar, aliyebeba bendera ya Kenya katika ufunguzi wa michezo ya Rio de Janeiro mwaka 2016, alikuwa mpiga uta wa namna hiyo. Hakuna mwendelezo kati ya mchezo wake na kazi ya Wawata isipokuwa jina la chombo.

Uta wa sumu wenyewe haujatoweka. Tarehe 30 Mei 2014 Satao, mmoja wa tembo wa Tsavo waliojulikana kwa pembe ndefu zilizokaribia kugusa ardhi, aliuawa kwa mshale wa sumu ndani ya Tsavo Mashariki, miezi michache tu baada ya Bunge kupitisha sheria iliyoweka faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha kwa kosa la namna hiyo. Mshale haupigi kelele, na katika hifadhi inayosikilizwa na askari ukimya huo una thamani ambayo bunduki haina.

Kwa kuwa uta huo haujatoweka, tangu 2003 kikosi cha madaktari wa mifugo chenye makao Voi, kinachoendeshwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya pamoja na Sheldrick Wildlife Trust, hutibu tembo wenye vidonda vya mishale. Tembo hulazwa kwa dawa ya usingizi, kidonda hupanuliwa na kuoshwa hadi usaha umalizike, chembe kikipatikana hutolewa, kisha shimo hujazwa udongo wa kijani wa tiba na mnyama huamshwa kwa sindano ya pili. Sindano ya kwanza hurushwa kwa bunduki ya dawa inayosukumwa na gesi, ambayo ina kifaa cha kulengea juu yake na kipimo cha shinikizo ubavuni, na daktari hukadiria mita zilizopo kati yake na tembo, kisha huzungusha kitasa cha shinikizo kulingana na umbali huo kabla ya kufyatua.